Jina Lako Halitafsiriwi, Lakini Maneno Yanayolizunguka Yanatafsiriwa

Wateja wanaoleta vyeti ofisini kwetu hapa Malindi tuvitafsiri kwa Kiitaliano, wengine kwa ajili ya ndoa, wengine viza ya familia au uraia wa Italia, huuliza sana kama John ataandikwa Giovanni. Hataandikwa. John hubaki John, na Giuseppe akihamia kwenye hati ya Kiingereza hubaki Giuseppe. Wanaobadilishiwa ni wafalme na mapapa: Waitaliano humwita mfalme wa sasa wa Uingereza Carlo III. Sisi wengine tunafuata hati yenyewe, herufi kwa herufi.

Kazi iko kwenye maneno yanayolizunguka jina. Cheti cha Kiingereza husema "born", basi, awe mwanamume au mwanamke. Kiitaliano lazima kichague: nato kwa mwanamume, nata kwa mwanamke. Mfasiri asiyewajua watu wetu akikutana na Juma, Musa au Baraka, huiona ile "a" ya mwisho akadhani ni mwanamke, kwa kuwa amezoea Maria, Anna na Paola. Halafu kuna Andrea na Nicola, ambao Italia kwa kawaida ni wanaume lakini kwa Waingereza wa leo mara nyingi ni wanawake. Ndiyo maana sisi husoma kwanza jinsia iliyoandikwa kwenye cheti.

Kina mama walioolewa ndio wanaopata taabu kubwa zaidi, na tungependa wasome hapa kwa makini. Mwanamke wa Kiitaliano akiolewa, hati zake huendelea kubeba ukoo aliozaliwa nao. Tangu mageuzi ya sheria ya familia ya 1975, anaweza kuongeza jina la mume, lakini lake haliondoki. Huku kwetu wengi hubadilisha kitambulisho na pasipoti wakachukua jina la mume. Sasa tuseme Zawadi amezaliwa Kazungu, akaolewa na Bianchi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Kazungu, pasipoti inasema Bianchi, na karani wa manispaa kule Italia anaona watu wawili.

Tena si suala la karatasi moja. Italia kila mtu ana namba ya kodi, codice fiscale, yenye tarakimu na herufi 16, na inaanza na konsonanti tatu za ukoo. Kazungu hutoa KZN. Bianchi hutoa BNC. Kisha hufuata jina lake mwenyewe, Zawadi: ZWD. Hata siku ya kuzaliwa hubeba jinsia: mwanamke aliyezaliwa tarehe 5 huandikwa 45, kwa sababu wanawake huongezewa 40. Ukoo au jinsia ikikosewa mwanzoni, namba inatoka nyingine, na namba hiyo ndiyo inayodaiwa hospitali, benki na kwenye mkataba wa nyumba. Kinachoziunganisha hati za Zawadi ni cheti cha ndoa, kikitafsiriwa pamoja na vingine, na jina la kuzaliwa likiandikwa waziwazi kuwa ni cognome da nubile, yaani ukoo wake kabla ya kuolewa.

Wanaoleta hati za zamani za Italia, hasa za mashamba na mirathi, watakutana na "Rossi Giuseppe fu Antonio". Rossi ni ukoo, umetangulia kama ilivyo desturi ya maofisi yao. "Fu" si jina, maana yake baba yake, Antonio, alikwisha kufariki. Angekuwa hai ingeandikwa "di Antonio". Sisi wa pwani tuna "binti" na "bin" kwenye vyeti vyetu, na Mwitalia naye huweza kudhani ni jina la pili. Tunaliacha lilivyo, kisha tunaongeza maelezo ya mfasiri: figlia di, au figlio di.

Kama cheti kimoja kinasema Mohamed na kingine Muhammad, hatuwezi kukusawazishia. Tafsiri hufuata kilichoandikwa. Nenda kwanza kwa msajili akurekebishie, au wakili akuandalie hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni yako, nasi tutaitafsiri pamoja na vyeti. Na hata kama umeombwa cheti kimoja tu, njoo na vyote: cha kuzaliwa, cha ndoa, na pasipoti yenyewe badala ya picha ya simu, maana herufi hupotea kwenye picha.