Sheikh wangu, usibonyeze bado

Trondheim, Jumapili usiku

Sheikh wangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Hujambo, shemeji hajambo, watoto hawajambo? Bibi mguu wake unaendeleaje? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila baridi imeanza kung'ata. Najua nina deni lako la barua tangu Ramadhani, na najua utasema huyu hajibu mpaka yazungumzwe magari. Sema tu, safari hii una haki.

Ile sauti yako ya dakika sita nimeisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza jikoni, na Mama Nasra alicheka mpaka akaweka kisu chini pale uliposema "nimetia vyote, sheikh, sitaki kujuta." Mara ya pili nimeisikiliza peke yangu, ndani ya Porsche Taycan yangu ya umeme, nimeegesha nje ya skuli nasubiri watoto. Kisha nikafungua picha ya orodha yako ya vikorombwezo vya hiyo Taycan unayotaka kuagiza. Nikaona hapa sauti haitoshi, hili ni la kuandikwa, ulisome umetulia na kahawa yako, kabla hujabonyeza kile kitufe cha mwisho.

Maana mimi nami nilitia vyote. Karibu vyote, na hicho kimoja nilichokiacha nitakifikia.

Unakumbuka nilivyokuwa mwaka 2021. Wakati ule huku Norwe gari la umeme halikutozwa VAT hata senti, liwe la bei gani. Asilimia 25 nzima umesamehewa! (Mwaka 2023 wakaanza kutoza kwa kile kilichozidi kroni 500,000. Ningeagiza leo ningelia.) Basi akili yangu ikapiga hesabu ambayo maalim wetu angenifukuza darasani: pesa niliyoponea kwenye kodi ni pesa ya bure, basi niile. Nikaila kwenye vikorombwezo. Usiku watoto wakishalala nafungua kompyuta, natia tiki, gari linajizungusha kwenye skrini linang'aa, hakuna mvua, hakuna chumvi ya barabarani, hakuna mtoto mwenye juisi. Wiki tatu nilikuwa kama mtu anayeposa kwa picha.

Gari lenyewe, hiyo Taycan 4S, sina neno nalo. Mwaka wa nne huu, kilomita elfu sitini na nane, na bado nikikanyaga tumbo linabaki nyuma linanifuata baadaye. Kwa hiyo usinielewe vibaya. Ninayemsema hapa ni mimi na tiki zangu.

Nianze na rimu, maana ndizo zilizoniudhi kwenye picha yako. Inchi 21, sheikh? Chogo kakushauri? Mimi nilichukua hizohizo. Zinapendeza, sikatai. Siku ya kwanza nilizunguka gari mara tatu nikizitazama rimu tu. Lakini tairi lake jembamba kama chapati ya mgonjwa, na juu yake kuna tani mbili na ushei. Ikaja Aprili ya mwaka wa pili. Huku theluji ikianza kuyeyuka barabara zinabaki na mashimo, na maji yanayajaza, huoni shimo, unaona kidimbwi tu. Nikaingia. Ko! Watoto nyuma wakanyamaza, na unawajua wangu. Kesho yake fundi wa tairi akainyanyua ile rimu, akaipulizia maji ya sabuni kwa ndani, akaniambia inama uangalie. Ufa hata ukucha hauingii, na vipovu vinatoka kimoja kimoja, taratibu, kama samaki anapumua. Rimu mpya. Tairi jipya, nalo si lolote tu, lazima liwe na ile alama ya N ubavuni, ya tairi zilizokubaliwa na Porsche, na jamaa wa duka hana, anaagiza. Wiki mbili nikapanda basi.

Utaniambia barabara zenu za Maskati zimepigwa pasi. Sawa. Na kokoto za wadi siku unayompeleka baba mkwe shamba? Nitarudi hapa, sijamaliza na rimu.

Betri. Hapo umefanya vizuri, usisikilize la mtu. Mimi nilichukua ile kubwa ya wakati wetu, kilowati-saa 93.4, badala ya ndogo ya 79.2, na kama ningekuwa na uwezo wa kubakisha tiki moja tu, ningebakisha hiyo. Kutoka hapa mpaka Oslo ni kama kilomita 500, unapita juu mlimani Dovrefjell, na Januari nikijaza mpaka juu nikipata 300 nashukuru Mungu. Nyinyi wa toleo la 2024 mnapewa mpaka 105, na kituoni mnachota mpaka kilowati 320, sisi mwisho wetu 270. Halafu nimeona huku Ulaya hiyo pampu ya joto niliyoilipia, ya kupasha gari bila kula betri sana, inakuja na gari bure siku hizi, na viti vya joto vya mbele pia! Viti vya joto, sheikh, uje uvikalie Maskati mwezi wa Juni, uniambie.

Sasa ucheke. Nilitia chaja ya ndani ya kilowati 22 badala ya 11. Nikajiambia, nyumbani nitajaza gari haraka kama birika. Gari likaja, nikamwita fundi umeme afunge kile kisanduku ukutani. Akafungua ubao wa fyuzi, akautazama, akanitazama mimi, akaniuliza kwa upole nani aliniambia. Nyumba nyingi za huku umeme wake ni wa volti 230 bila waya wa nyutro. Ile fezi tatu ya volti 400 inayotakiwa na chaja hiyo haipo mtaani kwetu. Napata kilowati saba na kidogo. Saba! Miaka minne nabeba kifaa ambacho hakijawahi kufanya kazi yake nyumbani kwangu hata usiku mmoja, na aliyekosea ni mimi, maana fundi huyo anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu na ningemuuliza mapema kwa kikombe cha chai. Wewe muite fundi wako kwanza, muuzaji baadaye.

Na kile nilichokiacha ndicho hiki. Palikuwa na kifaa kingine, cha kilowati 150, kwa ajili ya vituo vya chaji vya volti 400. Nikaona jina refu, halina picha nzuri, nikaruka. Gari hili ni la volti 800. Ukilipeleka kwenye kituo cha 400 bila kifaa hicho, linameza kilowati 50 tu, basi. Mwanzo sikujali. Kisha mwaka 2022 Tesla wakafungulia vituo vyao vya huku, navyo ni vya volti 400, kwa magari ya watu wengine, nami nikafurahi nikaenda. Wakaja jamaa na Tesla yao ya kawaida, mume, mke, watoto wawili na mbwa. Wakachomeka, wakala soseji, wakamtembeza mbwa, wakachomoa, wakanipungia mkono, wakaondoka. Mimi nipo. Mama Nasra hakusema kitu. Alifungua tu chupa ya chai akanimiminia, kama unavyommiminia mfiwa.

Vingine nivipitie mbio. Ile skrini ya abiria, inchi 10.9, mbele ya shemeji yako: ana simu. Amewahi kuigusa mara mbili, mara ya pili alikuwa anafuta vumbi. Sauti ya michezo: nimenunua gari lisilo na injini ya kunguruma, kisha nikalipa lingurume. Nasra aliniuliza kwa nini, sikuwa na jibu la mtu mzima. Ngozi nyeupe ndani, usithubutu, una watoto watatu na wote wanakula maembe. Kifuniko cha chaji kinachojifungua ukipitisha mkono kinafanya kazi vizuri sana, ila kuna asubuhi jirani alinikuta nimevaa glavu mbili nakipapasa kibati chenye theluji, akanisalimia kwa huruma kama amemkuta mganga kazini.

Breki za kauri ulizotia, kwa bei ile, za nini? Gari hili breki zake halizigusi ovyo. Porsche wenyewe wanasema karibu asilimia 90 ya breki za kila siku zinafanywa na mota za umeme, zinarudisha nguvu kwenye betri. Utakuwa na sahani za kauri za kwenda nazo sokoni Mutrah.

Spika za Burmester sitaki uniulize. Ni israfu, 21 kwa hesabu, na sijutii hata moja. Usiku barabarani peke yangu, taarabu asilia, unamsikia mpiga kanuni anavyobadilisha kidole. Hapo niache nilivyo.

Kuna jambo moja ndilo lililonifanya nisikuandikie barua hii wiki iliyopita. Nilikuwa nimeandika kabisa: paa la kioo usitie. Wewe joto, mimi giza. Desemba huku jua linachomoza saa nne asubuhi, saa nane u nusu mchana limeshazama, kioo cha nini? Nikafuta. Kwa sababu Bi Mkubwa alikuja Desemba ile, unajua, ile safari yake moja. Nilimpokea uwanja wa ndege, nikamweka mbele, nikamwashia kiti. Akakaa kidogo akanishika mkono, akaninong'oneza nizime, kiti kina moto, kisije kikaunguza gari la watu. Nikamwambia ndivyo kilivyo, mama. Akanyamaza. Tulipofika nyumbani theluji ikaanza, kubwa kubwa, polepole, inatua juu ya kioo pale kichwani mwake kwenye mwanga wa taa ya barazani. Akaegemea nyuma akaitazama. "Sufi," akasema. "Kama chini ya msufi wa kwa babu yako." Hakutaka kushuka. Tulikaa mle dakika ishirini, chai ndani inapoa, Mama Nasra yuko dirishani anatuonyesha mikono. Kushuka kwenyewe kulitaka watu wawili, gari la chini na magoti yake yale.

Sasa hilo paa nikuambie utie au usitie? Sijui. Kwa Maskati ningesema bati. Nyinyi mna jua la kutosha hata bila kulifungulia dirisha juu ya utosi. Lakini mimi langu sitolisema vibaya tena.

Haya, rimu. Huku baridi ikiingia huendi popote bila tairi za theluji, basi nikanunua seti ya pili na kwa kuwa pesa ilikuwa imekwisha nikachukua rimu ndogo, inchi 19. Sheikh, ni gari jingine. Linanyamaza, linakwenda mbali zaidi kwa chaji ileile, kidimbwi nakiingia bila kusoma dua. Mimi, mtoto wa Ng'ambo, naomba majira ya baridi yafike haraka ili nizivae rimu ndogo! Zile za 21 ziko bandani zimefunikwa blanketi, Mama Nasra anaziita mke mwenza. Utazipenda kwa miezi miwili, kisha utaanza kuendesha gari kwa kuzihurumia rimu.

Mwezi uliopita nililipeleka gari kwa muuzaji mmoja wa magari ya mtumba, kujua bei tu, usimwambie mtu. Bei yenyewe sikutajii, nilikaa kwenye kiti. Nilikuwa nimechapisha ile orodha yangu yote, kurasa tatu, nikampa. Aliikunja mara mbili akaifanya kibao cha kuandikia. Akauliza betri ni ipi, kilomita ngapi, pampu ya joto ipo. Mengine yote hakuyauliza. Aliuliza kama ninazo rimu za 19.

Sasa niambie. Umeshabonyeza au bado? Maana ulisema Alhamisi na leo Jumapili. Pale kwenye ile nyumba mpya umeme wako ni fezi ngapi, umewahi kufungua ubao ukatazama? Safari za Dubai bado kila mwezi, au baba mkwe keshahamia kwenu? Shemeji ameiona orodha, au ndiyo anaambiwa siku gari linafika? Na ile rangi ni wewe uliyeichagua kweli? Sikuoni wewe kwenye rangi ile. Chogo kapata kazi? Na halua uliyoahidi kumpa yule kijana wa Bi Mwanahawa aniletee, kijana nimemwona, mzima, kanenepa, halua sijaiona. Alikula yeye au hukumpa?

Nijibu leo kuhusu rimu. Halua hata kesho.

Wako,
Baba Nasra