Barua kwa mwanangu: intermezo

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza intermezo ni nini, maana mwalimu wako wa piano anaitaja na wenzako wa sataranji wanaitaja.

Kitaliano hicho, na asili yake ni jukwaani: kichekesho kifupi cha kuimbwa kilichopachikwa kati ya sehemu za opera nzito. Inayojulikana zaidi ni La serva padrona ya mtunzi Pergolesi, Napoli, 1733: waimbaji wawili tu na mtumishi asiyetamka neno. Opera iliyoibeba, Il prigionier superbo, leo huchezwa kwa nadra sana. Mgeni kabaki na nyumba.

Kwenye piano mambo ni mengine. Mtunzi Brahms aliandika intermezo tatu, Op. 117 (namba yake katika orodha ya kazi zake), mwaka 1892, na haziko katikati ya kitu chochote. Usihangaike kutafuta kipande kinachotangulia.

Kwenye sataranji ni hatua unayoipachika kabla ya kulipiza, yaani kumla aliyekula kete yako, pale mpinzani anapodhani huna budi kulipiza papo hapo. Panga ubao, ushike Nyeusi. Herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari; palipotajwa mraba tu, ni askari anayesogea. Nyeupe d4, wewe d5, c4, e6, farasi c3, farasi f6, askofu g5, farasi wa b8 aende d7. Nyeupe anakula d5, unalipiza kwa askari wa e6. Hapo anamtamani askari wako wa d5, kwa sababu anadhani huwezi kulipiza: farasi wa f6 akisogea, malkia wako wa d8 analiwa na askofu. Anamla kwa farasi wa c3. Wewe mle farasi huyo kwa farasi wa f6, na malkia aliwe!

Sasa usikimbilie kumla askofu aliyekaa d8. Kwanza askofu wako wa f8 aende b4: shaha, yaani mfalme wake anatishiwa na lazima ajikinge. Farasi wa c3 hayupo tena, kwa hiyo kinga yake pekee ni malkia kwenda d2. Mle, shaha tena. Mfalme wake akishamla askofu wako, ndipo mfalme wako amle yule wa d8, ambaye hakupata nafasi ya kutoroka. Hesabu kete: umetoa askari mmoja, umepata farasi mzima.

Wengi hukosea kwa kupachika hatua isiyolazimisha jibu. Hapo askofu wa d8 anajiondokea zake, na malkia wako ameliwa bure.

Mama yako