Pikapu inayozima silinda haitaki oili ya mazoea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wasomaji wenye pikapu za Kimarekani, hasa ndugu zetu waishio Marekani na Kanada. Wengi wao injini ikianza kulia tik-tik asubuhi humpigia simu fundi wa nyumbani, naye kwa nia njema kabisa hujibu: weka oili nzito, 20W-50, kelele itaisha. Ushauri huo umezifaa injini nyingi za zamani zilizochakaa katika nchi zetu za joto. Kwa V8 (injini ya silinda nane) yenye mfumo wa kuzima silinda, unaweza kukuulia kemshafti, yaani mhimili wenye nundu unaofungua valvu.

Chevrolet Silverado na GMC Sierra nyingi za lita 5.3 za 2007 hadi 2018, na Ram 1500 zenye injini ya Hemi ya lita 5.7, huzima silinda nne kati ya nane gari linapokwenda mwendo wa kawaida bila kazi kubwa. Ni silinda namba 1, 4, 6 na 7. Anayefanya kazi hiyo ni oili. Solenoidi (valvu ndogo za umeme) zinafungua njia, presha ya oili inaingia kwenye tapeti (kipande kinachosukumwa na nundu ya kemshafti) na kusukuma ndani pini mbili ndogo. Pini zikishaingia, tapeti inabonyea yenyewe, pushrodi (fimbo ya kusukumia valvu) haipandi, valvu zinabaki zimefungwa. Presha ikikatwa, springi inazirudisha pini mahali pake na silinda inaamka.

Sasa angalia muda uliopo. Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, kemshafti inazunguka mara 750, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 80. Pini haziruhusiwi kusogea wakati nundu ya kemshafti imeisimamia tapeti. Zinatakiwa ziingie na kutoka pale tu tapeti ilipo kwenye upande usio na nundu, na upande huo hauchukui hata hizo milisekunde 80 zote. Oili iliyo nzito kuliko iliyokusudiwa hujaza taratibu na kutoka taratibu. Pini inakutwa imeingia nusu, nundu inafika, mzigo wote wa springi za valvu unabebwa na ukingo wa pini. Ukingo unamomonyoka kidogo kidogo, hadi siku moja tapeti inakwama chini na haiamki tena. Hapo kompyuta itaandika msimbo wa silinda isiyochoma: P0300, au P0301, P0304, P0306 au P0307 kulingana na silinda. Ukiendelea kuendesha, pushrodi inaweza kupinda, na roli ya tapeti inakwangua nundu.

Kampuni zimezipangia kompyuta zingoje oili ipate joto kabla ya kuzima silinda. Lakini mahesabu hayo yamefanywa kwa oili ya uzito fulani. Ndiyo maana kitabu cha Ram kinadai 5W-20 kwa Hemi ya 5.7 na kuonya kuwa nyingine inaweza kuvuruga mfumo huo.

Tuzisome namba zenyewe, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Ile ya kabla ya W inahusu baridi. Oili ya 0W hupimwa kwa nyuzi 35 za Selsiasi chini ya sifuri, 5W kwa nyuzi 30 chini, 15W kwa nyuzi 20 chini, na 20W kwa nyuzi 15 tu chini ya sifuri. Januari ya Minnesota hushuka kupita hapo bila shida, kwa hiyo mwenye 20W-50 anawasha injini ambayo oili yake haijapimwa kabisa kwa baridi hiyo. Namba ya pili inahusu joto. Kwenye nyuzi 100, oili ya 20 huwa kati ya sentistoki (kipimo cha unene) 6.9 na 9.3, ya 30 hufika 12.5, ya 40 hufika 16.3. Mtu anayehama kutoka 0W-20 kwenda 0W-30 habadilishi lolote kwenye kipimo cha baridi. Anaongeza unene wa moto tu. Anayehama kwenda 15W-40 amebadilisha vyote viwili.

Kuna jambo jingine kwenye zile 5.3 za mwanzo. Ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) kuna valvu ya kupunguza presha ya mfumo huu, na ikifunguka hurusha oili juu kuelekea kuta za silinda. Ringi zinashindwa kuifuta yote, oili inaungua, mwenye gari anashangaa kwa nini anaongeza kila mara. Oili nzito hupandisha presha, hivyo valvu hiyo hufunguka zaidi. Dawa iliyotolewa na GM, kampuni inayounda Chevrolet na GMC, ilikuwa kuiwekea valvu hiyo kikinga. Uzito wa oili haukuguswa.

Sisemi oili nyepesi haina dhambi. Kampuni ziliichagua pia kwa sababu inaokoa mafuta kidogo na kuwasaidia kutimiza viwango vya serikali. Tena 5.3 za kuanzia 2014 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na kwa safari fupi za baridi petroli hupenya hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi zaidi ya ilivyotoka kwenye chupa. Kwa hali hiyo, kufupisha servisi hadi maili 5,000 kuna faida kubwa kuliko kupandisha uzito.

Wapo watakaonijibu kwa habari ya 2025. Ni kweli: Aprili mwaka huo GM iliita kwa ukaguzi magari yenye injini ya lita 6.2 aina ya L87 ya 2021 hadi 2024, na yaliyofaulu ukaguzi yakahamishwa kutoka 0W-20 kwenda 0W-40, na kizibo kipya cha oili juu yake. Lakini tatizo lililotajwa lilikuwa la krenkshafti, konrodi na beringi zake, yaani sehemu za chini za injini. Halikuwa la tapeti. Usichukue 0W-40 hiyo ukaimwaga kwenye 5.3 ya jirani. Hata Ram 2500 ya lita 6.4 hutumia 0W-40 ikiwa na mfumo wa kuzima silinda, kwa sababu ndivyo ilivyopangwa tangu kiwandani.

Basi, 5.3 ya 2007 hadi 2013 iwekee 5W-30 yenye alama ya dexos1 (kiwango cha oili cha GM), lita 5.7. Ya kuanzia 2014 iwekee 0W-20 yenye alama hiyohiyo, lita 7.6. Hemi 5.7 inayotaka 5W-20 inakunywa lita 6.6. Gari likiwa limetoka kwenye garantii, linavuta trela nzito kiangazi cha Texas, ningekubali kupanda hatua moja, 0W-20 kwenda 0W-30 au 5W-30, na kuishia hapo.

Kelele ikianza, usikimbilie duka la oili. Simamisha gari penye tambarare, zima, ngoja dakika kumi, vuta kijiti cha kupimia oili. Oili ikipungua kwa lita moja au mbili, pampu inaweza kunyonya hewa, na oili yenye povu haiwezi kusukuma pini hata iwe na uzito gani. Kisha funga geji ya mkono kwenye tundu la sensa ya presha. Usiiamini ile ya kwenye dashibodi, kwani kwenye 5.3 za zamani kichujio kidogo kilicho chini ya sensa huziba na kudanganya. Injini ya moto iwe na presha ya angalau psi 6 kwenye mizunguko 1,000, psi 18 kwenye 2,000, psi 24 kwenye 4,000. Ikishindwa, kagua oringi ya bomba la kunyonyea oili ndani ya sampu. Presha ikiwa nzuri na silinda moja kati ya zile nne haichomi, kelele imetoka kwenye tapeti. Zima gari hapo hapo na lipelekwe gereji kwa kuvutwa, maana kila maili unayoongeza inaila kemshafti.

Fundi wa injini,
Minneapolis, Marekani