Malalamiko kuhusu kadi ya GTX 1650: sanduku linaonyesha shaba, ndani kuna alumini tupu

Lubumbashi, mwanzo wa mwezi wa nane

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja

Kuhusu: Kipozeo na kelele za feni za kadi yenu ya grafiki

Bwana Mkurugenzi,

Salamu kutoka komini ya Katuba. Nina studio ndogo ya kuhariri video za harusi na ibada, na kurekodi matangazo ya redio. Mwezi wa tano nilinunua kwa wakala wenu wa hapa mjini kadi yenu yenye chipu ya GeForce GTX 1650, gigabaiti 4 za kumbukumbu ya aina ya GDDR6, kwa dola 185. Nilishawaandikia mafundi wenu, na jibu lao ndilo limenifanya nikuandikie wewe mwenyewe.

Tuelewane mapema: na chipu sina ugomvi. Inakula wati 75, yaani inatosheka na umeme wa tundu la ubao mama bila waya wa ziada. Sisi tunaotumia kompyuta za mtumba kutoka Ulaya, ambazo pawa saplai zake nyingi hazina waya huo wa ziada, wa pini 6, hilo ndilo tunaloangalia kwanza kabla hata ya bei. Ugomvi wangu ni na kile mlichokifunga ninyi juu ya chipu, yaani kipozeo cha kuiondolea joto na feni zake.

Sanduku lenu lina picha ya kadi iliyopasuliwa ubavu: bomba la shaba la kubeba joto linapita juu ya chipu na kuingia kwenye mabati membamba ya alumini. Pembeni mmeandika kwamba feni husimama zenyewe kazi inapokuwa ndogo. Nilimulika kadi yangu ubavuni kwa tochi ya simu. Shaba hakuna. Kuna bonge moja la alumini lenye meno mafupi, dogo kiasi kwamba halifiki kwenye chipu za kumbukumbu. Zote 4 zimekaa wazi, hazijaguswa na chochote, zinategemea upepo unaopita. Feni nazo zina nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Umeme unaingia na kutoka, basi. Hakuna waya wa kurudisha taarifa ya mizunguko. Ndiyo maana programu ya vipimo inaniandikia mizunguko sifuri wakati feni inavuma masikioni mwangu. Halafu nyuma ya kadi kuna kibandiko kidogo cha "V2", yaani toleo la pili, ambacho kwenye sanduku hakipo popote. Nadhani hapo ndipo siri ilipo: kadi ya kwanza ilipigwa picha, ya pili ndiyo ikauzwa.

Na inavuma kweli. Kompyuta ikiwa imekaa bure, chipu kwenye nyuzi 38, feni zinazunguka tu. Sijawahi kuziona zimesimama. Kelele yenyewe si kubwa. Ni nyembamba, kama mluzi wa birika lililo chumba cha pili, na juu yake kuna mkwaruzo wa beringi ya feni ya kushoto, ambao asubuhi kadi ikiwa ya baridi ndio unazidi. Mtu anayecheza gemu na spika wazi huenda asijali. Kwangu, msomaji wa matangazo anasoma katika chumba hichohicho, na mluzi huo unaingia kwenye maikrofoni. Nikiuchuja kwa programu, unaondoka na sehemu ya sauti ya msomaji. Kila "s" inabaki butu. Siku hizi tunazima kompyuta, tunarekodi kwa simu, halafu tunaiwasha tena. Neno "tulivu" mmeliandika pande tatu za sanduku.

Kazi ikiwa nzito, nikisahihisha rangi na kutoa video ndefu, joto hufika nyuzi 84 na kukaa hapo, feni zikiwa kwenye asilimia 100. Ndipo kadi inaanza kujipunguzia kasi. Sanduku linaahidi kasi ya megahezi 1,590. Mimi naiona ikiteremka chini ya 1,410, ambayo ni kasi ya msingi ya chipu hii. Nilipoipunguzia umeme hadi wati 60, joto lilishuka hadi nyuzi 76 na kasi ikatulia. Chipu ni nzima, basi. Kipozeo ndicho kimezidiwa.

Sasa jibu la mafundi. Wameniandikia kwamba chanzo ni "joto la Afrika" na kwamba niweke kiyoyozi. Bwana Mkurugenzi, vipimo hivyo ni vya mwezi wa saba. Mwezi wa saba Lubumbashi tunavaa makoti, na asubuhi chumba changu kilikuwa na nyuzi 17. Joto letu ni la mwezi wa kumi, bado halijafika! Wangeniambia kwamba mji uko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi haibebi joto sawa na hewa ya pwani, ningewasikiliza, maana ni kweli, ingawa tofauti ni kama sehemu moja ya kumi. Lakini Johannesburg iko juu kuliko sisi, na huko mnauza kadi hiihii. Vumbi jekundu la kiangazi nalo nalijua. Kadi naipuliza kwa blowa kila Jumamosi.

Wakaongeza kwamba nifungue kadi nibadilishe pasta ya joto, ile inayopakwa kati ya chipu na kipozeo. Juu ya skrubu mmebandika karatasi inayosema ukiibandua garanti imekufa. Nifuate lipi?

Naomba nipewe kadi yenye kipozeo kile cha kwenye picha, au nirudishiwe dola 185, kupitia wakala aliyeniuzia. Kuituma nje kwa gharama yangu sitakubali. Usafiri kutoka hapa unaweza kumeza nusu ya bei yake. Na kama V2 ndiyo mnayotengeneza sasa, pigeni picha V2, muiweke kwenye sanduku, anayeitaka ainunue akiiona.

Nimeambatisha risiti, picha za ubavu wa kadi na rekodi ya sauti ya feni. Rekodi isikilizwe kwa vipokea sauti vya masikioni, kwani kwenye spika ya simu mkwaruzo hausikiki vizuri.

Wenu,
Mteja wa Katuba, Lubumbashi