Mhariri, hiyo fomu ya waliookoka inatumaliza

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa kooni. Mimi ni mwinjilisti, mwaka wa sita huu niko mtaa mmoja huko tambarare, sitautaja, na jumapili iliyopita ibadani tulikuwa wanne, wa nne mke wangu. Mbuzi wa jirani akaja akasimama mlangoni tukamwacha tu, angalau yeye kaja bila kuitwa.

Sasa mkubwa wangu mmoja alikuja na fomu ya ripoti, ina kasehemu kameandikwa waliookoka robo hii, nikajaza sifuri. Akaitazama weee, akasema mwinjilisti badilisha mahubiri, watu siku hizi wanataka upenyo, ongelea gari, ongelea viza, ongelea maadui kazini, mambo ya toba utaweka mbele ya safari. Sikubishana nae, nikamwongezea chai.

Kwetu mimi ni Machame. Kengele ikilia jumapili barabara inajaa watu mpaka bodaboda zinapita kwa shida. Lakini wangapi tunajua yule mmisionari Mjerumani, Rebmann, alitokaje pale? Ndio huyo huyo alieona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Mwaka uliofuata alikuja na mizigo akitaka kupita aende Unyamwezi, Mangi Mamkinga, mtawala wa Machame, akamchuna taratibu, leo hiki kesho kile, mpaka mizigo ikaisha na safari ikafia hapo akarudi pwani. Huko London nako wasomi wakamcheka, eti theluji karibu na ikweta! Yaani hata kitu alichokiona kwa macho yake hakuaminiwa, sembuse habari za mbinguni. Akakaa zake Rabai, huko juu nyuma ya Mombasa, toka 1846 mpaka 1875, mkewe akafia huko huko, macho yakaharibika, na wale waliobatizwa miaka ya mwanzo unawamaliza kwa vidole. Alirudi Ujerumani haoni, mwaka 1876 akafariki.

Najua kuna mhubiri atadakia hapo, "lakini ona Machame leo!" Ni kweli, wamisionari wa Leipzig walifika 1893 na kanisa likashika. Ila mimi hiyo lugha siipendi jamani, Rebmann alikuwa kaburini miaka 17, hakuonja hata kijiko. Ukimwambia mtu vumilia maana mwishoni watajaa tu, hapo umemuuzia tiketi ya bahati nasibu, na wasipojaa je?

Someni Yeremia 36. Gombo la maneno ya nabii Yeremia linasomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu, ni wakati wa baridi, anaota moto, zikisomwa safu tatu nne anakata kwa kijembe anatupia kwenye makaa, mpaka likaisha lote. Yeremia akafanyaje? Akamwita tena Baruku mwandishi wake wakaandika upya yale yale, na mengine wakaongeza. Hakulainisha kitu. Na Yerusalemu ikaanguka vile vile.

Nisiwe mnafiki lakini, wapo wenzetu wanaokataliwa sio kwa sababu ya injili, ni kwa sababu ya spika inayopiga kelele mpaka saa nane usiku na madeni ya dukani ambayo hawalipi, halafu wanajiita manabii wanaoteswa. Hao wakalipe madeni kwanza.

Ombi langu kwa wakubwa ni dogo. Kama fomu lazima iwepo, basi ongezeni mstari wa kuuliza wagonjwa wangapi umewatembelea na misiba mingapi umekaa nao. Maana kuna mzee hapa kila nikimpa neno ananifukuza, mara tatu sasa, ila mkewe alipolazwa alinitumia mtoto usiku niende nikae nae. Huyo sijui nimjaze sehemu gani.

Mwinjilisti, tambarare