Historia ya Kenya Open iandikwe

Mhariri,

Kila mashindano ya gofu ya Kenya Open yanapokaribia, magazeti yetu hujaa habari za zawadi na wageni mashuhuri, ilhali historia yake, iliyoanza mwaka 1967 katika Klabu ya Muthaiga jijini Nairobi, huguswa juujuu tu. Ni historia ya kujivunia: Seve Ballesteros alishinda hapa mwaka 1978, mwaka mmoja kabla ya kutwaa The Open ya Uingereza, nao Ian Woosnam, mshindi wa mwaka 1986, na Trevor Immelman, wa mwaka 2000, baadaye wote walivikwa koti la kijani la mshindi wa Masters, mashindano makubwa ya gofu yanayofanyika Augusta, Marekani.

Mwaka 2019 mashindano haya yalipandishwa hadi European Tour, msururu mkuu wa mashindano ya gofu ya kulipwa ya Ulaya. Hata hivyo, hakuna Mkenya aliyewahi kuyashinda, ingawa wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianza wakiwa makedi, wakibeba mifuko ya fimbo za wengine na kujifunza mteremko wa kila grini, eneo la nyasi fupi lenye shimo, kwa macho.

Naliomba gazeti lako liwatafute makedi wazee na kuchapisha kumbukumbu zao wangali hai.

Msomaji wako,
Nairobi