Mwanangu, kausha miguu

Mwanangu Gwamaka,

Hatujambo hapa Tukuyu. Mvua haijakata tangu wiki iliyopita, na baba yako anashinda kwenye chai kama kawaida. Nakuandikia kwa lile ulilonidokeza kwenye simu, ukageuza maneno haraka: kwamba katikati ya kidole cha mwisho cha mguu na jirani yake panawasha, na ngozi inabanduka. Usione haya, baba. Dalili hizo ni za fangasi, na mara nyingi huanzia hapohapo, kwa kuwa vidole hivyo viwili vimebanana na hewa haipiti.

Watu husema fangasi ni ugonjwa wa wachafu. Si kweli, na maneno hayo ndiyo yanayofanya vijana wafiche miguu mpaka wachechemee. Wapo wanaooga asubuhi na jioni na bado wanaugua, kwa sababu wakitoka bafuni wanavaa soksi miguu ikiwa mibichi, wanatumbukiza kwenye gambuti, wanashinda kwenye viazi hadi saa kumi. Gambuti huzuia maji ya nje yasiingie, lakini na jasho halipati pa kutokea. Fangasi huishi kwa kula ile ngozi ya juu, inachotaka ni joto na unyevu tu. Baridi ya huko uliko Uyole ya mwezi wa sita na wa saba haikusaidii kitu, maana ndani ya kiatu hakuna baridi.

Kwa hiyo, katika yote nitakayokuambia, shika zaidi hili la kukausha. Ukishaoga, kaa kitako kitandani, chukua kitambaa cha pamba ulichokitenga kwa ajili ya miguu peke yake, kipitishe kati ya kila kidole, taratibu, bila kusugua hadi ngozi ichubuke. Kile cha mwisho kivute pembeni kwa mkono, uchungulie. Ukiona ngozi ni nyeupe na teketeke kama mhogo uliovundikwa, bado ina maji. Acha miguu ipigwe na hewa kwanza, ndipo uvae.

Soksi badilisha kila siku, na siku za shambani beba jozi ya pili ubadilishe mchana. Najua msimu huu nguo hazikauki, ndiyo maana nakutumia jozi nyingine. Zikigoma kukauka kabisa, zipige pasi pande zote mbili. Gambuti ukizivua, toa soli za ndani, jaza magazeti makavu, na kabla ya kulala yatoe uweke mengine. Lakini nakusihi, usiingize jiko la mkaa chumbani ili ukaushe viatu. Huku kwetu baridi imeua watu kwa njia hiyo: wanajifungia na jiko, ile hewa ya sumu haina harufu, wanalala hawaamki.

Bafu la bweni mnaingia wengi, na vipande vya ngozi vinavyodondoka hubaki sakafuni na fangasi yake ikiwa hai. Ingia na ndala, tena zako. Taulo, soksi na gambuti usiazime wala usiazimishe, hata kwa rafiki wa kufa na kuzikana. Raba za mtumba za soko la Mwanjelwa nunua, ila zifue na kuzianika mpaka ndani kukauke ndipo uzivae. Na asubuhi tanguliza soksi kabla ya chupi, maana nguo ya ndani ikipita kwenye vidole vyenye fangasi huibeba hadi kwenye kinena.

Sasa dawa. Kwenye duka la dawa omba krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1, ni dawa ya fangasi. Paka asubuhi na jioni kwenye ngozi iliyokauka, uvuke kidogo ukingo wa pale palipoathirika, na muwasho ukiisha endelea kama wiki mbili zaidi. Wengi huacha siku ile ile kuwasha kunapokata, na baada ya mwezi wako dukani tena. Muuzaji akikupa krimu ya mchanganyiko yenye betamethasoni, mrudishie. Hiyo ni steroidi: inatuliza muwasho upesi, unadhani umepona, kumbe imepunguza kinga ya ngozi na fangasi inasambaa chini kwa chini. Mafuta ya taa na maji ya betri usiyaguse kabisa, yanaunguza. Kucha ikianza kuwa ya njano na nene, krimu haitafika ndani, hapo ni daktari na vidonge vya miezi.

Kuna jambo moja linaloninyima raha. Babu yako ana sukari, na kila jioni mimi ndiye ninayemfungua vidole kimoja kimoja na kumulika kwa tochi ya simu, kwa sababu mpasuko mdogo ni mlango wa bakteria. Wewe huna sukari, lakini mlango ni uleule. Mguu ukivimba, ukawa wa moto, wekundu ukapanda juu, au ukapata homa, usingoje wikiendi ipite wala usiniulize kwanza. Nenda hospitali siku hiyohiyo, halafu ndipo unipigie. Kadi yako ya bima iko kwenye ile bahasha ya kaki, pamoja na cheti chako cha kidato cha nne.

Mama yako